Ufunguo wa Mtandao na Sahani za Kinanira

Walisema sitaweza. Hawakunong'ona, walinisema mbele yangu, nikiwa nimekaa nakula chakula chao. Shangazi Perpetua, dada yake baba, aliyenipokea kwake Mutanga Sud niliporudi kutoka Tanzania, alisema mtu aliyekulia ukimbizini hawezi kuja Bujumbura katikati ya vita akauza kitu kisichoonekana. Mzee Hamisi, fundi wa redio wa Buyenzi, aliishika stashahada yangu, akaipima kwa vidole viwili, akasema karatasi ni nene, itafaa kufungia karanga. Mama Shukuru, Mkongomani aliyekuwa akivusha vitenge pale mpakani Gatumba, alicheka mpaka akalegeza fundo la kanga.

"Mutoto ya Kigoma anakuja kutuuzia hewa!" alisema. "Hapa kwetu hewa tunavuta bure."

Hao watatu ndio walionikopesha. Nyinyi mnaoanza kazi leo mnataka kwanza watu wawaamini. Acheni. Mtu anaweza kukucheka leo na kesho akakupa ngazi yake. Shangazi alinipa chumba chenye mlango wa kutokea barabarani, kiwe ofisi. Mzee Hamisi alinipa ngazi, drili na nusu ya roli la kebo. Mama Shukuru, baada ya kumaliza kucheka, alinipa bando la vitenge niuze kwa mkono wangu, na kwa vitenge hivyo niliagiza ruta zangu za kwanza kutoka Kampala. Zilifika na basi, zimefichwa katikati ya magodoro, na moja ilikuwa na harufu ya samaki mpaka siku ilipokufa.

Stashahada yenyewe niliipata Dar es Salaam, na hakuna aliyenilipia. Mchana nilisoma elektroniki na mawasiliano, jioni nilitengeneza televisheni za watu. Nasema haya ili mjue kwamba niliporudi nchini sikurudi kuomba kazi. Nilirudi na kazi yangu kichwani.

Kazi ilikuwa hii. Miaka ile ya mwisho ya vita, milima ilikuwa na sauti zake na mji ulikuwa na saa zake. Watu waliwahi kurudi nyumbani kwa sababu ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea, na mwenye kazi ya ofisini alipoteza nusu ya siku. Kwenye baadhi ya mapaa palikuwa na antena ndogo za intaneti, lakini kila moja iliteremsha waya mmoja kwenye kompyuta moja, kwa kawaida sebuleni, ambako watoto wanagombana na wageni hawaishi. Mimi niliuchukua waya ule, nikauingiza kwenye ruta yenye antena zake mbili, na nyumba nzima ikapata intaneti hewani. Kinanira, ule mtaa wa kilimani juu ya mji, hakuna aliyefanya hivyo kabla yangu. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli.

Mzee Hamisi ndiye aliyenifundisha mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Hakuwahi kugusa ruta, lakini mawimbi aliyajua kama mtu anavyowajua wajomba zake. Alinifundisha kushusha waya wa ardhini kutoka kwenye kila antena, kwa sababu radi za kilima kile hazina adabu. Pia alinifundisha kwamba siku hizo, kabla ya kupanda paa la mtu, unatembea kwanza mpaka kituo cha askari kilicho karibu, unasalimia, unasema jina lako na nyumba unayoenda.

"We unapanda juu na chuma mukononi, unaielekeza mulimani," aliniambia. "Mutu ya chini atafikiria nini? Salimia kwanza."

Nilisalimia. Nilisalimia kila siku, na bado mara moja zamu ilibadilika nikiwa juu ya paa, nikasikia sauti kutoka chini.

"We! Unaongea na nani kule mulimani?"

"Siongei na mtu, afande! Napima!"

"Unapima nini?"

"Intaneti!"

Kisha yule askari akauliza kama intaneti hiyo inaonyesha mpira. Nikasema inaonyesha matokeo. Akaniambia nishuke polepole nimweleze matokeo, nami nikashuka polepole sana.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa Madame Générose, mfasiri. Alikuwa akipokea hati za Kifaransa kutoka Nairobi, anazigeuza Kiingereza, anazirudisha kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mjane mwenye nyumba nzuri ya matofali pale Kinanira, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikisomesha binti zake. Tulipatana mbele ya shangazi yangu, kwa maneno mepesi: nitafunga kila kitu kwa vifaa vyangu, na mtandao ukifanya kazi mwezi mzima bila kumchelewesha, atanilipa chote. Ukimchelewesha, nije nifungue vitu vyangu niondoke navyo.

Nilikubali upesi, kwa sababu nilijiamini. Shangazi aliponisindikiza mlangoni alinikumbusha kwamba vitu vile si vyangu.

"Vitenge vya yule mama viko ndani ya nyumba ile," alisema. "Na drili ya Mwislamu wa watu. Ukishindwa, mwanangu, mimi ndiye nitakayekutana nao sokoni. Wewe utapanda meli urudi Kigoma."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu. Vyote nilivyokopeshwa vilikuwa ndani ya nyumba moja.

Siku ya kwanza niliiweka ruta katikati ya nyumba, juu, kwenye ukuta wa korido, mbali na friji na mbali na mabati. Nilibadilisha neno la siri la kiwandani, lile ambalo kila ruta duniani huzaliwa nalo. Hilo ni jambo la kwanza, na hadi leo nakuta mafundi wenye kompyuta ya bei ya ng'ombe hawajalifanya. Nikabadilisha jina la mtandao, lisitaje ukoo wala nyumba, maana wakati ule hukutaka kila mpita njia ajue nani ana nini ndani. Nikaweka ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu. Madame akajaribu kompyuta yake chumbani, jikoni, barazani. Akasimama barazani muda mrefu, anatazama ziwa kule chini, kompyuta mkononi.

"Hakuna waya," alisema.

"Hakuna, Madame."

"Quand même. Kumbe inawezekana."

Nililala vizuri siku hiyo. Siku chache baadaye akanipigia simu: mtandao umekufa. Nilipanda kilima, nikakuta ruta haipo ukutani. Ilikuwa kabatini, pamoja na bilauri za harusi yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kabati limefungwa kwa kufuli.

"Uliniambia niulinde mtandao," alisema Madame.

Ruta ilikuwa ya moto kama chapati. Niliirudisha ukutani, nikamweleza kwamba mwizi wa mtandao haingii kwa mlango. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayesikia mgonjwa akiweweseka.

Kisha ukaja ugonjwa wenyewe. Asubuhi mtandao ulikuwa mzito. Hati zilizokuwa zikienda Nairobi kwa dakika chache zilikwama katikati. Madame alianza kunipigia simu saa nne, kisha saa tatu, kisha kabla sijanywa chai. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta nikakuta kompyuta tano ndani ya mtandao, na Madame alikuwa na mbili. Nikabadilisha ufunguo. Kesho yake, kompyuta sita.

Niwaambie ukweli: nilifurahi kidogo. Ufunguo wa aina ile ya zamani, tuliujua chuoni, mtu mwenye programu ya kuusikiliza mtandao na subira angeweza kuuvunja. Nikasema basi, Kinanira kuna msomi mwenzangu. Nikalificha jina la mtandao lisionekane. Kompyuta sita. Nikapunguza nguvu ya antena ili mawimbi yasivuke ukuta wa uani. Madame akapoteza intaneti barazani, na wageni wakabaki. Nikaihamisha ruta kwenye ufunguo wa aina mpya, ambao wakati ule hakuna mtu niliyemjua aliyeweza kuuvunja, herufi na tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote. Nikashuka kilima nikiimba. Kesho yake asubuhi, kompyuta saba.

Madame alinipokea amesimama.

"Enjenia, jana Nairobi wameniandikia. Wanasema nikichelewa tena wanapeana kazi kwa mutu mwingine. Mi nina watoto shuleni. Jumamosi, kama haijapona, uje na ngazi yako utoe vitu vyako."

Nilikaa kwenye meza yake ya kulia nikiwa na kompyuta yangu, natazama ile orodha ya mashine kwenye ukurasa wa ruta. Ilifika saa ya chakula. Bila kujali hasira yake Madame aliniletea wali na maharage, maana Bujumbura mtu haachwi na njaa kwa sababu tu umemfukuza kazi. Hapo mlango wa uani ukagongwa. Akaingia mjakazi wa mzee Zacharie, jirani aliyekuwa karani mkuu zamani, na sahani iliyofunikwa. Ndani mlikuwa na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, wa moto, na pilipili kando.

"Mzee anawasalimia," alisema yule dada. "Na anauliza kama ile namba imebadilika tena."

Madame akahamisha ndagala kwenye bakuli lake. Akaosha sahani, akaifuta vizuri. Kisha, mbele ya macho yangu, akaandika ufunguo wangu mpya kwenye kipande cha karatasi, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wa masista, akauweka juu ya sahani, akaifunika kwa kitambaa safi na kumkabidhi yule dada.

Niliweka kijiko chini.

"Madame! Umempa ufunguo!"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Sasa Enjenia, nitafanya aje? Sahani ya jirani inaweza kurudi tupu? Wiki hii mi sijapika kitu ya maana, kazi yako imenimaliza. Niliona ile namba ni kitu muzuri, na mzee anaipenda."

"Na yule anampa nani?"

"Shemeji yake, pale chini. Na yule ya duka. Nao wanatuma sahani kwake."

Jamani. Nilikuwa nimepigana na mvunja funguo ambaye hakuwepo. Ufunguo wangu ulikuwa ukishuka kilima cha Kinanira juu ya sahani, nyumba kwa nyumba, badala ya ndizi. Na sikuweza kumlaumu Madame. Mimi mwenyewe nilikulia kwenye kambi ambako mama alikopa chumvi na kurudisha majani ya maboga. Kama ningemwambia amnyime jirani aliyemletea chakula wakati wa vita, angenitazama kama mtu asiyelelewa, na angekuwa na haki. Wakati ule jirani ndiye aliyekuwa ulinzi wako. Ikilia risasi mlimani unakimbilia kwake, hukimbilii kwenye ruta.

Hapa ndipo stashahada ilipofanya kazi yake. Kila kompyuta ina namba yake ya kuzaliwa, iliyochongwa ndani tangu kiwandani. Nikaiambia ruta isimpokee yeyote ambaye namba ya mashine yake haijaandikishwa, hata kama anao ufunguo. Nikaandikisha mashine mbili za Madame. Kisha nikamwambia:

"Ufunguo endelea kuutoa, ukipenda. Mtu akisema haufanyi kazi, mwambie ni Enjenia. Sema Enjenia amekataa, ni mtu mbaya, ana kiburi cha Tanzania. Usinitetee."

Uso wake ulibadilika kwa mara ya kwanza wiki ile. "Niseme ni we?"

"Ni mimi."

"Hata kwa mzee Zacharie?"

"Hasa kwa mzee Zacharie."

Wanaojiita wataalamu wa usalama watawaeleza juu ya funguo ndefu, na wana haki. Mimi nawaambia kwamba kwetu hakuna usalama wa mtandao mpaka uwe umempatia mwenye nyumba mtu wa kusingizia. Yeye hawezi kusema hapana. Basi fundi aseme, tena afurahi kuchukiwa. Nimekuwa mtu mbaya wa kilima kizima, na biashara yangu ilijengwa hapo.

Ijumaa asubuhi hati za Nairobi ziliondoka kabla ya chai. Jumamosi nilipanda bila ngazi, kwa kiburi, nikakuta mashine mbili tu kwenye ruta, na Madame ananisalimia kwa mikono miwili. Lakini mwezi ulikuwa haujaisha, na nilijua kuna mtu ambaye bado hajasema neno.

Alikuja mwenyewe mpaka Mutanga Sud. Niliona kwanza kofia, kisha fimbo, kisha, sitadanganya, sahani iliyofunikwa. Mzee Zacharie aliketi kwenye kiti pekee cha ofisi yangu na kuiweka sahani mezani katikati yetu.

"Enjenia, mi ni mutu wa amani," alianza. "Nimesikia ni we ulinifungia."

"Ni mimi, Mzee."

"Nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Mzee wangu. Mashine yako haikuandikishwa."

"Basi iandikishe. Tazama, ni mukeke. Wa leo."

Alifunua. Ulikuwa mukeke kweli, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa letu, na ngozi yake imekauka vizuri motoni. Shangazi yangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, macho makubwa, anangoja aone kama miaka yangu ya shule imeniondolea adabu.

"Nitaiandikisha, Mzee," nilisema. "Kuanzia saa tisa alasiri. Ruta itakufungulia yenyewe kila siku, Madame akishamaliza kazi yake. Asubuhi ni ya watoto wake."

"Saa tisa ni ya watoto wadogo."

"Saa tisa ni ya bure, Mzee."

Alifikiri. "Na mutu akitaka asubuhi?"

"Anaweka antena yake na ruta yake. Namuwekea mimi."

"Na yule shemeji yangu ataweza kuingia kwa yangu?"

"Ufunguo utakuwa wako, Mzee. Lakini ukitaka kumnyima, sema ni mimi niliyekataa."

Mzee Zacharie alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Alikuwa ameelewa. Alipoondoka shangazi alimrudishia sahani na karanga mbichi zimejaa, kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba huenda chuo kile kilikuwa na walimu.

Kabla mwezi haujaisha nilikuwa juu ya paa la Zacharie, nimesalimia askari, nimeshusha waya wa ardhini. Baada yake shemeji, baada ya shemeji yule wa duka, na wote walitaka jambo moja: mtandao wao, ufunguo wao, na mimi wa kusingizia. Katika nyumba zile nilijifunza mengi ambayo leo mnayafanya bila kufikiri. Umeme ukikatika, ruta hudumu kwa betri ya gari na kibadilisha umeme kidogo, lakini betri isikae chumba cha kulala. Bati likiwa mpaka chini ya dari, mawimbi yanarudi kukuchekea. Weka ruta ya pili upande wa pili. Tangi la samaki linakula mawimbi kuliko ukuta. Na ufunguo badilisha kila msichana wa kazi anapoolewa, si kwa sababu ni mwizi, ila kwa sababu atamfundisha mume. Vyeo vyangu vya baadaye na ofisi mliyonikuta nayo havina cha kuwafundisha. Kazi niliijua pale.

Mwezi ulipotimia Madame Générose alilipa chote, mbele ya shangazi, kama tulivyopatana, na Jumapili iliyofuata nikarudisha kila cha mtu.

Nilianza nyumbani. Nilimwambia shangazi kwamba nimepata kibanda karibu na soko na kwamba chumba chake ni chake tena, kimepakwa rangi, na mlango wa barabarani una bawaba mpya. Alikipita chumba kizima akigusa kuta. "Sasa nitakaa na nani hapa?" alisema, na akaenda jikoni haraka kuliko umri wake.

Kisha nilimkuta Mama Shukuru ametandika bidhaa zake, nikampa thamani ya bando lake, na juu yake vitenge viwili nilivyovichagua mwenyewe. Alivuta ukingo, akalamba kidole na kuusugua kuona kama rangi inatoka. Haikutoka.

"Donc basi, umeuza ile hewa," alisema.

"Nimeuza, Mama."

"Na watu wamenunua."

"Kinanira nzima."

"Bazungu bako na mambo," alisema, akavifunga vitenge vyangu kiunoni hapohapo, kimoja juu ya kingine, na kuwaita majirani zake wa soko waje waone mutoto ya Kigoma.

Mwisho ilikuwa Buyenzi. Drili ilikuwa begani ndani ya mfuko, na vyuma vyake vipya vya kutobolea, kebo mpya roli zima mkono wa kushoto, na ngazi kichwani. Niliipita mitaa yote hivyo, watu wakipisha, madereva wakinitukana. Mzee Hamisi alikuwa mlangoni pake na redio imefunguliwa tumbo. Aliikagua ngazi kipandio kwa kipandio kwa kiganja, kama mtu anayekagua mnyama aliyeazimwa. Drili aliiwasha, akaisikiliza, akaizima.

"Haijaungua," alisema.

"Haijaungua, Mzee."

"Hata mimi ningeiunguza." Akaniagizia Fanta, akarudi kwenye redio yake.

Nilirudi kwa miguu. Tangu nishuke kwenye meli nilikuwa nimetembea Bujumbura na kitu cha mtu: sanduku nililoazimwa na kaka yangu, vitenge vya bando la Mama Shukuru, ngazi ya Hamisi. Jua lilikuwa bado juu na barabara ilikuwa ya Jumapili. Nilipofika kwenye mti wa mwisho wa Buyenzi niliona kwamba mikono yangu haijui ifanye nini. Nikaiachia. Nikaitembeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mwanafunzi kwenye gwaride, mpaka Mutanga Sud.